Mama Mdogo Nuru na Hadithi ya Wagiriki

Harufu ya karanga zilizotoka shambani, zikiwa bado na udongo, hunirudisha Nkuhungu, kwenye ua wetu wenye vumbi na upepo mkavu, msimu ule mama mdogo Nuru alipoletwa kwetu kuuguzwa. Alikuwa ametoka kupasuliwa, akitembea ameshika ubavu. Mumewe, Salumu, dereva wa lori, alikuwa amepeleka mzigo Zambia. Mama mdogo akiwa bado hawezi kuinua hata ndoo, baba alipigiwa simu: lori limepinduka, Salumu amefariki, wamemzika hukohuko. Wakubwa wakakubaliana asiambiwe mpaka kidonda kipone. Baba akaichukua simu yake, akadai ameipeleka kwa fundi. Sisi watoto tulionywa tufunge midomo. Basi kila baada ya swala mama mdogo alibaki juu ya mkeka, viganja vimeinuliwa, akimwomba Mungu amrudishe Salumu salama. Mama kila alipoisikia sauti ile aliacha alichokuwa akifanya, akatoka nje.

Alasiri moja tulikuwa tunamenya karanga na dada yangu Mwanaidi, aliyekuja likizo kutoka chuoni. Alitusimulia hadithi ya Wagiriki wa kale. Mfalme mmoja alisafiri baharini, merikebu ikazama, naye akafa maji. Mkewe hakujua. Kila siku alikwenda hekaluni kumwombea, hadi mungu wao wa kike akashindwa kuvumilia kusikia maombi kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa, akamtuma yule mfalme kwenye ndoto ya mkewe, nywele zikichuruzika maji, amwambie mwenyewe. Sijui kama Mwanaidi aliichagua hadithi ile kwa makusudi. Tulipoinua macho, mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni.

"Na watu wa nyumba ile," aliuliza, "walikuwa wanajua?"

Mwanaidi akainamia ungo.

"Mwanaidi mwanangu, Salumu yuko wapi?"

Dada alianza kulia. Mama mdogo hakupiga kelele. Aliketi palepale kizingitini, akajifunika uso kwa kanga. Mwisho wa hadithi, ambapo wapenzi wale wanageuzwa ndege wa baharini ili wawe pamoja tena, hatukuusikia siku ile.

Leo naishi Mkonze, na habari za misiba hunifikia kwenye simu kabla marehemu hajaoshwa, mara nyingine na picha ambazo nisingependa kuziona. Haraka hiyo hunichukiza, halafu namkumbuka mama mdogo. Hakuolewa tena. Eda ilipokwisha, baba alimwomba radhi, naye akamjibu kwa upole, "Shemeji, najua mlinihurumia. Lakini mwenzangu alikuwa kaburini, anahitaji nimwombee rehema, na mimi nilikuwa namwomba Mungu amlinde barabarani."