Midomo Niliyojichorea Ilimponza Wifi Yangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema, maana kila nikianzia kwingine najikuta namsingizia mtu: mara mume wangu, mara mama mkwe, mara yule muuza vitumbua wa watu. Hapana. Ni mimi na midomo yangu.

Jina langu nimemwomba bwana mhariri alifiche. Huku Ihumwa wanaojua kusoma si wengi, lakini hao hao wachache ndio hawana siri. Mimi nilifundishwa misheni, nikadhani nimeerevuka. Nimeerevuka nini! Hebu sikiliza niliyoyafanya.

Mungu alinipa macho mazuri, nywele nzuri, shingo ndiyo usiseme. Alipofika kwenye midomo akachoka. Midomo yangu ni myembamba hata nikinyamaza huioni.

Nilikuwa nimeshazoea. Balaa lilianza reli ya Mdachi ilipofika Dodoma. Mume wangu akapata kazi ya kuponda kokoto, akawa anarudi nyumbani mara moja moja, na kila akirudi ana vitumbua kwenye kitambaa. Vitumbua, vitumbua, vitumbua!

"Unavinunua kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa Binti Salimu, mwanamke wa pwani, pale karibu na stesheni."

Nikaenda kumwona huyo Binti Salimu. Nilikwenda kwa shari, sikufichi. Nimejifunga kibwebwe, maneno nimeyapanga njia nzima.

Nikamkuta amekaa nyuma ya kikaango chake. Loo! Midomo! Myekundu kwa tambuu, minene, ukingo wake unauona toka ng'ambo ya reli. Maneno yangu yote yakapotea. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Shikamoo." Na wala si mkubwa kwangu!

Akacheka. "Marahaba, mwanangu. Umefuata kitumbua au umefuata neno?"

"Nimefuata midomo," nikasema.

Jamani, yule mama hana choyo. Aliniambia tambuu kwetu ni shida kupata, lakini ngeu tunayo tele, ule udongo mwekundu wanaojipaka vijana wetu nyweleni. Niusage mpaka uwe laini kama unga wa uji, niuchanganye na mafuta ya mbarika na nta kidogo usichuruzike. Midomo niifute kwanza, ikauke. Kisha nitafune ncha ya kijiti, nichore ukingo, nisifuate midomo yangu, nitoke nje kidogo, juu na chini. Katikati ya mdomo wa juu niweke kibonde. Ndipo nijaze ndani. Mwisho, tone la mafuta matupu katikati ya mdomo wa chini ung'ae, uonekane umejaa.

"Nje kidogo," akanikazia. "Umesikia? Kidogo."

Mimi na kidogo, wapi na wapi!

Sasa nikuambie habari za wifi yangu Sechelela, dada wa mume wangu, maana yeye ndiye niliyemponza. Nilipoolewa pale kwao, mama mkwe alikuwa akinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Sechelela ndiye aliyenionyesha pa kuteka maji, na ng'ombe gani anapiga teke, na neno gani ukimwambia mama hasira zinashuka. Nikikaripiwa namtazama yeye, ananisemea. Akikaripiwa yeye ananitazama mimi, namsemea. Tuliishi hivyo.

Na midomo anayo! Minene ya kuzaliwa nayo. Alikuwa akinitania, "Wifi, ingekuwa inagawika ningekukatia."

Basi akaposwa na watu wa Haneti. Kijana mwenyewe alimpenda mpaka akisikia anatajwa anaangusha vitu. Siku ya kuletwa ng'ombe wa mahari ikafika.

Mama mkwe alipika pombe ya uwele. Ya watu wote ilikuwa kwenye mitungi. Nyingine akaimimina kwenye kibuyu kipya, kipana, cheupe, akakifunika kwa ungo akakiweka ndani. Hiyo ilikuwa ya baba wa bwana harusi. Katika ukoo ule kibuyu cha mkwe hakitanguliwi na mdomo wa mtu. Ukimpa masazo, umemwambia yeye na ng'ombe wake si kitu. Mama alitutangazia sote, lakini macho alinikazia mimi.

Mume wangu alikuwa amerudi kwa shughuli hiyo. Nikasema leo ndio leo! Wenzangu wako nje wanatwanga, mimi nikaingia ndani kujichora. Nyumba ya tembe unaijua, ndani mchana kama usiku. Nikichora, naona bado. Natoka nje kidogo. Bado. Natoka tena. Na kioo hatuna.

Nikakumbuka kibuyu. Pombe ni maji, na maji yanaonyesha sura. Akili za mtu aliyekwenda shule hizo!

Nikaondoa ungo, nikainama. Sura sikuiona, niliona povu. Nikainama zaidi. Lo, ile harufu! Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Nikakinyanyua, nikapiga funda moja. Moja tu, jamani! La pili lilikuwa la kuhakikisha.

Nikakifunika, nikatoka nje natembea kwa madaha kumpitia mume wangu. Alikuwa anachuna mbuzi. Akanitazama, kisu kikasimama.

"Mke wangu! Nyuki wamekuuma?"

Nyuki! Nikakimbilia nyuma ya zizi, nikajifuta kwa majani mpaka midomo ikawaka moto. Nilikuwa na hasira hata kibuyu sikukikumbuka.

Nilikikumbuka wageni walipofika. "Mbukwenyi! Mbukwenyi!" watu wanaamkiana kwa furaha, ng'ombe wamejaa mbele ya nyumba. Mama mkwe akatoka na kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti, akaondoa ungo.

Yule mzee, baba wa bwana harusi, akakinyanyua, akasita. Kwenye ukingo mweupe kulikuwa na midomo. Wa chini kwa nje, wa juu kwa ndani, myekundu, minono, na kibonde chake.

"Naona nimetanguliwa," akasema. Akakiweka chini. "Vijana, geuzeni ng'ombe."

Mama yangu!

Mama mkwe akakiinua kibuyu akakitazama. "Midomo mikubwa namna hii..." Hakumaliza. Watu wote walikuwa wameshageuka kumtazama Sechelela. Na siku ile alikuwa amepakwa ngeu na mafuta mwili mzima, bibi harusi. Utasema nini?

"Kumbe bibi harusi ana kiu," shangazi wa bwana harusi akasema.

"Sikunywa," Sechelela akasema. "Mama, sikunywa mimi."

Na mimi je? Nilinyamaza. Usidhani kosa langu ni lile funda. Kosa langu ni hapa.

Mama mkwe akapitisha macho kwa wanawake wengine, mmoja mmoja. Alipofika kwangu wala hakusimama. "Huyu hapana. Huyu midomo hana."

Wengine wakacheka. Nikasikia moyo wangu unatua. Naona haya kuandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: wifi yangu analia, na mimi napumua.

Yule kijana akachukua fimbo yake, ameinamisha kichwa, akaanza kuwageuza ng'ombe. Hapo Sechelela akanitazama. Hakuwa ananishuku. Alinitazama kama siku zote, akikaripiwa, ananingoja nimsemee.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Jamani, ni mimi niliyekunywa!"

Unafikiri waliniamini?

"Kaa chini," mama mkwe akasema. "Unamtetea wifi yako. Umekunywa kwa midomo gani?"

"Usijitie, mke wangu," mume wangu naye akaninong'oneza.

"Anajipendekeza huyo," shangazi akasema.

Ala! Hasira ikanipanda. Mtu anakiri, anaambiwa hana midomo ya kufanyia kosa! Nikaingia ndani, nikatoka na kigae changu cha ngeu na kijiti. Nikakaa chini katikati ya uwanja nikaanza kujichora. Mbele ya wakwe, mbele ya mume, mbele ya ng'ombe. Machozi yananitoka, huku naweka kibonde. Nikajaza. Hata tone la mafuta nililiweka, nisije nikaambiwa haifanani.

Nikakamata kile kibuyu, nikakikandamiza mdomoni upande wa pili.

Yule mzee akakipokea. Akatazama upande huu, akageuza, akatazama upande ule. Akanitazama mimi. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Huyu," akasema, "huyu amevaa midomo ya kuazima!"

Alicheka mpaka akashikiliwa. Wote wakacheka, hata yule shangazi. Ng'ombe wakarudishwa, mzee akapewa pombe nyingine, na faini ikatoka kwangu: mtamba wangu mweusi, niliyepewa na baba yangu. Nilimfungua mwenyewe kamba.

Mume wangu nikaja kumwambia habari za Binti Salimu na midomo yake. Akashangaa. "Ana midomo? Mimi natazama vitumbua." Tena siku hizi haleti, anaogopa.

Jina nililopewa ni Midomo ya Kuazima. Kibuyu mama mkwe alikitundika karibu na mlango, kila mgeni aulize, naye apate kusimulia. Hayo yote nimeyameza. Kilichoniuma ni siku Sechelela alipopelekwa kwa mumewe. Mimi ndiye niliyetakiwa kumpaka mafuta ya mwisho. Nilipomsogelea akanigeuzia mgongo, akamwita mtu mwingine. Aliaga kila mtu, hata yule ng'ombe anayepiga teke alimpapasa. Mimi alinipita.

Nililia, nikalia tena.

Juzi mumewe alipita kwetu akielekea stesheni. Akanipa kibuyu kidogo cha maziwa ya mgando. "Wifi yako anasema ulinganishe," akasema, akaenda zake.

Kulinganisha nini? Nikakitazama ukingoni. Midomo ya ngeu! Nikakipeleka mpaka mlangoni, nikakishika kando ya kile kilichotundikwa.

Haifanani hata kidogo! Ya Sechelela ni mipana, haina kibonde, na pembeni ina alama ya kovu alilopata alipoanguka utotoni. Mtoto angeona. Na siku ile, katika watu wote wale, hakuna aliyemwambia aweke mdomo wake pale apimwe. Hata mimi niliyekula naye chungu kimoja, kovu nalijua, nilisimama pale nikaacha watu waseme ni yake.

Wanawake wenzangu, pakeni. Siwakatazi, inapendeza, na maelekezo nimewapa. Chora ukingo, jaza, ng'arisha. Lakini ukiacha alama yako mahali, jitokeze useme ni yako, kabla hajashikwa mwenye midomo ya kweli. Na kidogo maana yake ni kidogo!

Yale maziwa nimeyanywa yote. Nilinywea upande usio na ngeu, nisije nikaifuta.