Fundi Sikio na Mguu wa Ndege

Katika karakana ya chuo cha urubani, fundi mkuu aliitwa Sikio, na jina hilo alijipa mwenyewe, maana wenzake walikuwa wamempa mengine mabaya zaidi. Alijigamba kwamba injini ikikohoa tu, yeye keshajua inaumwa nini. Husimama kando ya ndege, mikono nyuma, kichwa kakiinamisha kama daktari bingwa. Kupiga magoti hakutaka. Magoti yake yalistaafu kabla yake, lakini ole wako umwambie hivyo.

Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa mwanafunzi hapo hapo. Asubuhi moja alikuwa anatua na mwalimu wake. Magurudumu ya nyuma yakagusa lami vizuri kabisa. La mbele lilipogusa tu, mguu wa chuma uliolishikilia ukakunjika. Ndege ikaburura pua hadi majanini, propela ikapinda. Wote wawili walitoka wazima, mwalimu kang'ang'ania kalamu yake, sijui ya nini.

Sikio alikimbia, naam, alikimbia! Alipomwona binti mzima, hofu ikageuka kelele.

"Umeibwaga! Ndege si gunia!"

"Sikuibwaga, Mjomba."

"Mimi niliikagua jana!"

Kauli hiyo ndiyo iliyomponza binti. Mkaguzi wa ajali alipofika mchana, alikuta sahihi ya Sikio kwenye kitabu cha ukaguzi: mguu wa mbele, mzima. Kama mguu ulikuwa mzima, basi mwanafunzi aliubamiza. Na mwanafunzi wa kubamiza ndege, chuoni hapo, hufunga virago.

Mkaguzi akamtuma Sikio akaichomoe pini iliyoushikilia ule mguu. Ilikuwa imekatika vipande viwili. Sikio akaigeuza penye mwanga. Nusu ya mkato iling'aa, imekatika asubuhi ile. Nusu nyingine ilikuwa na kutu: ufa wa zamani. Mtu angeuona, kama angeingia chini ya ndege na kupangusa grisi.

Kitambaa na mafuta kidogo vingetosha kuifuta kutu ile, na sahihi zake za miaka thelathini zingebaki safi. Kitambaa kilikuwa begani kwake. Alikigusa, akakiacha, akarudi na pini kiganjani hadi ofisini alikokuwa mkaguzi.

"Bwana mkaguzi, usiandike jina la huyu mtoto kwanza. Tazama kutu hii. Jana sikuingia chini, nilichungulia nimesimama. Magoti yananiuma."

"Unajua hutatia sahihi tena hapa?"

"Najua. Andika."

Mpwa wake alikuwa mlangoni, hajalia tangu asubuhi. Sasa machozi yakamtoka.

"Mjomba jamani, si ungeniita tu? Ningeingia mimi."

Sikio akakitoa kile kitambaa begani, akampa afute machozi.