Mlango wa Mbele wa Masika

Tangu Salum apooze upande wa kulia, mwezi wa tatu mwaka 2012, kitanda chake kilihamishiwa chumba cha mbele, kwa kuwa ngazi hakuziweza tena. Mkewe Masika, mshonaji kutoka Tanga aliyekuwa akibadilisha zipu na kupunguza suruali za watu pale Jeppestown, mtaa wa mji wa dhahabu kusini mwa Afrika, hakuona ubaya. Ubaya aliuona baridi ilipoanza.

Mlango ule ulikuwa wa enzi za wachimba dhahabu wa mwanzo: mbao nzito, vioo vyekundu na vya kijani juu, na chini pengo la kupitisha vidole viwili. Upepo ukiingia hapo, unamfikia mgonjwa shingoni.

"Dada Jeanne, tuwekee mlango mwingine," alimwomba Mkongomani aliyesimamia nyumba.

"Eish, mama, huo haugusiki. Nyumba imepita miaka sitini, sheria inailinda kama kumbukumbu. Ukiung'oa bila kibali, ni kesi."

Placide, seremala Mrundi aliyepanga juu, akaja na mshumaa. Aliupitisha ukingoni mwa mlango, na kila mwali wa moto ulipoinamishwa na upepo akatia alama ya chaki. Wakakata blanketi kuukuu vipande vyembamba, wakavibandika kwenye fremu. Tundu la ufunguo wakalifunika kwa ngozi. Masika akashona mfuko mrefu, akaujaza mchanga na mabaki ya vitambaa, akaulaza kizingitini. Juu ya yote wakatundika blanketi zito kama pazia. Mbao hazikuguswa hata na msumari mmoja.

"Sasa hata mbu hapiti," alisema Placide.

Salum, ambaye maneno yalikuwa yamempotea, aliinua dole gumba.

Theluji ilianguka Jumanne moja ya Ramadhani. Mchana umeme ukakatika. Masika akawasha hita ya mafuta ya taa miguuni pa mumewe, akaenda jikoni uani kukoroga uji wa futari kwenye gesi. Aliporudi kichwa kilimgonga, akadhani ni saumu. Kisha akamwona Salum: midomo imebadilika rangi, macho yamemtoka, mkono wa kushoto, ulio mzima, unapapasa ukuta. Hakuwa na sauti ya kumwita.

Masika alilivuta pazia likaanguka, akaupiga teke mfuko, akavuta mlango. Ukagoma, maana walikuwa wameubana vizuri mno. Mara ya tatu ukafunguka, na theluji ikaingia mpaka kwenye godoro.

Salum alipona. Daktari wa kliniki alisema, "Sumu ya hita ilikosa pa kutokea. Apate joto, na apate hewa."

"Vyote kwa mlango mmoja?" aliuliza Masika.

Daktari akamwita mgonjwa mwingine.

Tangu siku ile hakuthubutu kuuziba. Akiulaza mfuko, anarudi kuuondoa. Akiuondoa, Salum anakohoa. Hita ya umeme nayo, ukiiwasha tu, nyumba nzima inazimika. Placide alikuja na vipande vingine vya blanketi, akamtazama usoni, akarudi navyo juu.

Alasiri moja Jeanne alimkuta amekaa sakafuni, mgongo ameubana kwenye pengo la mlango kukinga upepo, suruali ya mteja mapajani.

"Mama, utaugua mapafu hapo."

"Mimi naweza kuondoka nikichoka," alijibu Masika. "Yeye hawezi."

Upepo ulikuwa ukimchoma kiunoni. Kitandani, chozi lilimtiririka Salum kutoka jicho moja. Masika akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta tundu la sindano.