Bundi Sita Kwenye Kamba ya Nguo

Rangi ya nguo ikichanganywa na chumvi na maji moto hutoa harufu ya chuma kilicholowa, na mpaka leo harufu hiyo ikinipita puani narudi Mashimoni, Kibera, kwenye chumba chetu cha mabati. Nilikuwa darasa la tano. Mama, fundi wa cherehani aliyetoka Kitui, alikuwa amepata kazi ya ajabu: mgeni mmoja wa Kilimani alitaka vitambaa vya kupangusia mikono mezani, kwa sherehe ya watoto ya kutishana. Sita vya popo, sita vya bundi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kazi ni kazi, na mteja alikuwa ameahidi kwamba akiridhika angemletea mapazia ya nyumba nzima.

Nilikata maumbo kwenye katoni ya sabuni. Tulimlaza bundi wa katoni juu ya kitambaa cheupe, Mama akapuliza rangi nyeusi kwa chupa aliyoazima saluni, fyuu, fyuu, kisha nikamwinua taratibu. Pale alipolala palibaki peupe, isipokuwa macho mawili meusi ya mviringo niliyoyatoboa mwenyewe. Nilijiona fundi mkuu. Mama alipotoka kwenda kununua uzi, aliniagiza nivianike humo humo chumbani. Ndani hakukuwa na jua, na kusema kweli nilitaka watu waone. Nikavianika nje, bundi wote sita wakiutazama mlango wa Anti Rosa.

Anti Rosa alikuwa jirani yetu, mtu wa kule ziwani, na jiko letu lilikuwa moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaanga omena. Alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Kwao, kama kwetu Ukambani, bundi akitua karibu na nyumba watu hungoja msiba. Nililijua hilo vizuri, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Alifungua mlango akiwa na beseni la nguo, na beseni likaanguka. Mama aliporudi alimkuta ameketi kizingitini.

"Mama Mwende, hata wewe?" alisema. "Unanianikia bundi kwa mlango, na unajua vile nimezika wawili?"

"Rosa, ni rangi tu. Ni za mteja."

Jioni hiyo Anti Rosa alifunga mzigo akaenda kwa dada yake, mtaa uitwao Kongo, kule Kawangware. Mama hakunichapa. Heri angenichapa, maana upande wa pili wa mabati hakukuwa na mtu. Majuto ni mjukuu.

Kesho yake Mama alichukua vile vitambaa sita na chupa ya rangi, tukaenda Kawangware kwa miguu. Alivitandaza chini mbele ya Anti Rosa, akavipuliza bila katoni. Weupe ukamezwa, na macho yakapotea ndani ya weusi.

"Ona, Rosa. Hakuna kitu hapa. Ni kitambaa tu."

"Na kazi ya watu?"

"Kazi itakuja ingine. Wewe nitakutoa wapi?"

Anti Rosa alilia, kisha akacheka huku analia, akauliza vitambaa vyeusi hivyo vitapangusa nini. Mteja alipokea vya popo tu, na mapazia hatukuyaona. Usiache mbachao kwa msala upitao, Mama alisema, akarudi kwenye cherehani yake. Mtoto alizaliwa mzima, msichana, na Anti Rosa akarudi Mashimoni naye mgongoni.

Msichana huyo sasa ni mtu mzima. Juzi aliniletea vitambaa vyeupe. "Anti Mwende, nitengenezee za bundi, niko na pati." Nilimsimulia kisa hiki, akacheka sana. Nikamtengenezea, mkono haujasahau. Siku hizi naishi ghorofani, Kawangware hapa hapa, na nilipotoka na beseni la vile vitambaa kuvianika kwenye roshani inayopakana na ya jirani, nilisimama. Miaka miwili nimeisikia televisheni ya jirani huyo, wala sijui kama ni mwanamke au mwanamume, kama ana mtoto au anamngoja. Mashimoni tulijua hata mimba ya jirani ina miezi mingapi. Niliweka beseni chini, nikaenda kubisha hodi.