Wiki ya Kiingereza cha Kaunta

Wiki ile nilikuwa naongea Kiingereza peke yangu barabarani, watu wananipisha. Hoteli moja hapa Gisenyi ilituweka wawili kwa majaribio kwenye mapokezi, mi na dada mwingine, na nafasi ilikuwa moja. Siku ya kwanza tu bosi akanikanya: "Dada, Kiingereza chako ni cha mtaani. Hapa mgeni haambiwi yeah. Anaambiwa yes, madam."

Mtaani! Kiingereza changu kilitoka jikoni. Mi nilisoma Goma, Kifaransa mwanzo mwisho. Wifi yangu, aliyerudi kutoka Uganda, ndiye alinifundisha tukimenya viazi: yeah, kids, gonna, bye-bye. Nikajiona mutu ya maana. Kumbe kila neno lilikuwa na kaka yake mwenye tai, na huyo ndiye aliyetakiwa kazini: yes, children, going to, goodbye.

Niliogopa, sifichi. Mume wangu alikuwa ameachishwa kazi, na nyumba nzima ilikuwa inaniangalia mi. Mgeni akisogea, maneno yananichanganyikia. Nataka kusema children, kids inatangulia. Mwenzangu alikuwa anatiririka tu. Usiku nilikuwa nageuka kitandani mpaka mume wangu analalamika, "We, bon, lala basi!"

Siku ya mwisho asubuhi akaingia mama mmoja mutu muzima, ametoka Kampala, na begi moja. Nikaanza vizuri kabisa: "Good morning, madam." Akaniambia amekuja kumzika dada yake kule Nyamyumba. Sauti ikamkatikia hapohapo.

Ayiwe! Huku kwetu mfiwa humpi pole na meza iko katikati. Nikazunguka kaunta, nikamkumbatia. "Sorry, Mama. Sorry, yeah? Pole, Mama." Akaniegemea begani akalia. Nilipoinua macho, bosi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake.

Akaniita ndani. Hakufoka, na afadhali angefoka. Yeye alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka: "Una moyo mzuri, dada. Lakini wageni wengine walikuwa wanangoja, na wewe umekumbatiana na mgeni. Nafasi tumempa mwenzako."

Nilisema asante. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Mama yule alikuwa angali pale kwenye kiti. Aliponiona na mkoba akasimama, akanishika mkono kwa nguvu, akamshukuru Mungu: alidhani bosi amenipa ruhusa nimsindikize. Nikambebea begi lake. Tukapanda taksi pamoja mpaka Nyamyumba.

Makaburini nililia mi, nililia vibaya, nikifikiria nitaingiaje nyumbani jioni. Nililia kuliko ndugu za marehemu. Wakanipa maji, wakaniambia nijikaze. Halafu wakanisogeza mbele, karibu na jeneza, nisimame na familia.