Vipande vya Kijani kwenye Friza

Kwa nini samaki anayekula kwa hamu, kwenye maji safi na yenye joto, anavimba tumbo na kufa? Julai ile nilitembea na swali hilo kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi.

Samaki walikuwa wa baba. Kwa miaka mingi aliendesha lori la dagaa kati ya Kasanga na Sumbawanga, na katika safari ya mwisho kabla ya kustaafu alirudi na ndoo yenye samaki kumi na wawili, wadogo kama kidole, weusi wenye mkanda wa njano, waliovuliwa kwenye mawe kandokando ya ziwa. Fundi wa vioo vya madirisha akamtengenezea tangi. Baba akanunua pampu ya hewa na hita, maana huku juu Sumbawanga baridi ya kipupwe isingewaacha salama samaki wa ziwani. Mama alisema wenzake wakistaafu hufuga kuku.

"Kuku unamla," alisema. "Hawa wanakutazama tu ukila."

Baba alikuwa na utaratibu wake. Alichemsha mchicha kidogo, akausaga pamoja na njegere, akamimina kwenye kitrei cha barafu na kugandisha. Kila asubuhi alitoa kipande kimoja, akakiyeyusha ndani ya kikombe cha maji ya tangi, akamwaga yale maji ya kijani, akawapa kilichobaki. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea uchumi, nipo nyumbani nasubiri kazi na kubishana na kila mtu. Nilimuuliza kwa nini samaki waishi kwa majani kama mbuzi.

"Ndicho wanachokula, mama," alinijibu.

Sikuwahi kuridhika na majibu ya namna hiyo. Niliamini anabana matumizi, basi.

Mwishoni mwa Juni alikwenda Mbeya kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Alitegemea kukaa wiki mbili, akaacha vipande vya wiki mbili. Kidonda kikachelewa kupona, wiki mbili zikawa sita. Kila jioni alipiga simu, na hakuuliza mahindi wala barua zangu za kazi. Aliuliza, "Wangu wazima?" Baba mdogo, aliyekuwa akimuuguza huko, alituambia mgonjwa hakubali kugusa uji mpaka apige simu hiyo kwanza.

Vipande vilipokwisha ningeweza kuchuma mchicha bustanini. Wazo hilo halikunijia hata kidogo. Kwetu mgeni akitokea bila taarifa, mama hutafuta kuku. Kumwekea mgeni mboga za majani peke yake ni kama kumwambia asirudi. Nami niliwaona wale samaki ni wageni, wametolewa kwao, na mwenye nyumba hayupo. Tena nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba samaki wanahitaji protini. Nikaenda sokoni asubuhi, nikanunua dagaa wabichi waliofika kwenye barafu na kipande cha maini ya ng'ombe. Nikasaga, nikagandisha kwenye kitrei kilekile.

Mama akachungulia ndani ya friza. "Sasa angalau wanakula kama watu."

Waliupokea ule mlo kwa fujo. Chakula cha baba walikuwa wakikidonoa polepole. Hiki walikigombania mpaka maji yakarukia nje ya kioo. Nikajipongeza. Nikawaza baba akirudi atawakuta wamenenepa, na nitamweleza kwa utaratibu alikuwa anakosea wapi.

Siku ya nane mmoja alijitenga nyuma ya jiwe, tumbo limemjaa kama ana mimba. Nilipoweka chakula alikitia mdomoni, akakitema. Kesho yake alikuwa akielea kiubavu.

Nikaanza uchunguzi. Niliyashuku maji ya bomba na dawa yake, nikawa nayaacha kwenye ndoo siku mbili kabla ya kuyatumia. Akafa wa pili. Nikaishuku hita, lakini kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kilisoma vilevile kila asubuhi. Umeme ulipokatika mchana mzima nilikaribia kufurahi, kwa sababu hatimaye nilikuwa na sababu: dagaa waliyeyuka na kuganda tena, wameharibika. Nikatupa kitrei chote. Nikatengeneza vipya, safi kuliko vya kwanza, na maini nikaongeza ili wapate nguvu.

Wakafa wawili kwa siku moja.

"Wanakula kuliko sisi, wanakufaje?" mama aliuliza, akiwa ameshika mmoja kwa mkia. "Wenzako wa chuo wakisikia watasema ni kawaida yetu, Sumbawanga tumewaroga."

"Mama, hakuna cha kurogwa."

"Haya. Basi niambie ni nini."

Jioni simu ililia.

"Wangu wazima?"

"Wazima, baba."

Walikuwa wamebaki wanane. Nilimsikia akimwambia baba mdogo amletee uji.

Nilimjibu hivyo jioni zote zilizofuata. Siku aliporudi, akitembea kwa magongo mawili, walikuwa wanne.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akasimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuhesabu wanne. Kisha akaniomba nifungue friza. Alikwangua kipande kimoja kwa ukucha, akanusa.

"Dagaa?"

"Na maini. Wabichi kabisa, baba. Na nilikuwa nayeyusha kwenye kikombe kama wewe."

Alikirudisha kipande mahali pake na kufunga mlango wa friza.

"Umejitahidi. Ni baridi tu hii, kipupwe cha mwaka huu kilikuwa kikali."

"Lakini kila asubuhi kipimajoto kilisoma vilevile."

"Hivi vipimajoto vya dukani," alisema, "usiviamini sana."

Akakaa kwenye kochi, akamuuliza mama kama bustanini kuna mchicha.

Nilibishana naye wiki nzima juu ya ile baridi. Nilimwonyesha hita inavyofanya kazi, nikaweka kipimajoto kingine kando ya kile cha kwanza, vikasoma sawasawa. Alisikiliza yote, akasema, "Ni baridi, mama," akaendelea kusaga majani yake. Wale wanne waliishi. Mimi nikapata kazi mji mwingine na kuondoka, sijaiamini ile baridi na sina kingine cha kuamini.

Miaka minne baadaye, nikitafuta habari nyingine kabisa, niliikuta picha ya samaki mweusi mwenye mkanda wa njano. Chini yake waliandika kwamba hula mwani anaoukwangua juu ya mawe, kwamba utumbo wake ni mrefu sana na umeumbwa kwa chakula cha majani, na kwamba akilishwa nyama huvimba tumbo na kufa, jambo ambalo mtu yeyote aliyemfuga kwa muda hulifahamu.