Mshono wa Upande wa Juu

Gereji nzima inamwita Nondo, na jina hilo amelipata kazini. Katikati ya bomba la moshi la gari la petroli kuna kopo la chuma, na ndani yake masega ya kauri yaliyopakwa madini yanayopunguza sumu ya moshi kabla haujatoka. Kwa miaka kumi na miwili Nondo amekuwa akiyavunja masega hayo, kwa sababu wenye magari huamini yanabana injini. Hukata kopo upande wa juu, huingiza nondo, hugonga, hukung'uta unga, kisha huchomelea. Mshono hubaki juu, mahali ambapo kioo cha mkaguzi hakifiki.

Basi dogo la shule lilipita mikononi mwake vivyo hivyo, kabla binti yake hajaanza darasa la kwanza. Sasa binti ana miaka saba. Hupanda wa mwisho, hivyo hukaa nyuma, jirani na mlango ambao haufungiki vizuri tangu gari ligongwe. Shule iko kilomita tisa na haina gari jingine.

"Baba, leo nimetapika kwenye begi," alimwambia jioni moja, ameshika kichwa.

Daktari alimpima macho. Macho mazima.

Nondo hakuhitaji daktari. Alitafuta kopo zima wiki tatu, akalipata kwenye gari lililopinduka, akalifunga kwenye basi na kumwambia dereva kwamba bomba lilikuwa limetoboka. Siku nne binti alirudi akiimba. Mama yake aliacha kumwekea mfuko wa plastiki wa kutapikia.

Siku ya tano dereva alifika gereji.

"Nondo, umeliziba gari langu pua! Kilima cha hospitali linapanda kama bibi harusi."

"Injini yako imechoka, shemeji."

"Ichoke wiki hii hii? Si wewe uliyesema haya makopo ni mzigo?"

"Nilikosea."

Dereva alicheka mpaka akajishika kiuno. "Jamani, njooni mwone, Nondo ameokoka!"

"Mwanangu anakaa nyuma. Moshi unamrudia."

"Watoto wote wanaumwa kipindi hiki. Si afungue dirisha?"

Kesho yake jioni binti alirudi ameshika kichwa tena. Asubuhi iliyofuata, watoto wakiwa wanapanda, Nondo alijilaza chini ya basi. Kopo lilikuwa lile lile, chini limenyooka kama lilivyotoka kiwandani. Akapeleka kidole upande wa juu. Mshono ulikuwepo, mwembamba, umesagwa vizuri. Gereji ya mtaa wa pili ina mafundi wanne wa mabomba. Wote amewafundisha yeye.

"Toka huko, tunachelewa!" dereva alipiga kelele.

Akatoka, akajipangusa magoti. Binti alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha nyuma, begi mapajani. Mfuko wa plastiki ulikuwa umechomoza kwenye zipu.